Mama Akisema, Nani Anamlinda?

Mama mdogo wangu anaishi Mtwara vijijini, upande wa bonde la Ruvuma, mahali ambapo ukisimama kwenye mwinuko unaiona Msumbiji bila pasipoti. Si mtu wa maneno mengi. Jioni moja alinipigia simu, akazunguka kwanza na habari za korosho na mvua, halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalimaliza.

Kijijini kwao kulikuwa na mkutano wa usalama. Mgeni aliyehutubia aliwageukia wanawake, akawaambia: nyinyi akina mama ndio mnaojua nani kalala nyumbani na nani hakulala, kwa hiyo mkiona kijana amebadilika, tuambieni mapema. Watu wakapiga makofi. Mama mdogo naye akapiga. "Lakini mwanangu," akaniambia, "nikishasema, huyo mtoto nitarudishiwa?"

Nilimjibu maneno ya juu juu, yale tunayowajibu wazee tukiwa hatuna jibu.

Asije mtu akadhani mama mdogo anawaonea huruma wauaji. Vita ya Cabo Delgado ilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, watu wa Mtwara waliisikia kama habari ya jirani, maana ni jirani kweli. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, wanaoana, wanazikana. Oktoba 2020 vita ikavuka maji, wapiganaji wakaishambulia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Tangu hapo hakuna mtu wa bonde lile anayehitaji semina kuelezwa ugaidi ni nini. Mama mdogo anataka askari wawepo. Anachouliza ni kingine: wanaponiomba msaada, mimi ninapewa nini?

Siku hizi kuna msemo unaopendwa sana kwenye makongamano: ulinzi wa mipaka wenye mtazamo wa kijinsia. Msemo huu haukushuka tu kutoka mbinguni. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama, na mwaka 2015 likapitisha namba 2242, lililotaka wanawake washirikishwe pia katika kupambana na ugaidi. Wakenya mwaka 2016 walizindua mpango wao wa kitaifa na kuupa jina la Kiswahili safi, Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Mimi sina ugomvi na maazimio haya. Ugomvi wangu ni na neno "kushirikisha", kwa sababu linabeba mambo mawili yasiyofanana. Unaweza kumshirikisha mtu kwa kumsikiliza, na unaweza kumshirikisha kwa kumtumia. Jembe nalo linashirikishwa shambani.

Tuanze na jambo dogo, upekuzi. Mwanamke anayevuka Kilambo na kapu la samaki wakavu anaweka hela zake kwenye fundo la kanga, na kanga yenyewe ameifunga kiunoni. Ukitaka kujua amebeba nini lazima umguse. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Vizuri. Lakini kama mahali pa kuvukia hapana askari wa kike, mama ana njia mbili tu: apekuliwe na mwanamume, au apite bila kupekuliwa. Njia ya kwanza inamvunjia heshima, ya pili inatuhatarisha sote. Kwa hiyo anayesema haki za wanawake zinalegeza ulinzi hajafika mtoni. Pale, staha na usalama vinataka kitu kimoja: ajira ya askari wa kike, na chumba chenye mlango.

Na wala tusijidanganye kwamba mwanamke hawezi kubeba silaha. Mto huu huu unajua. Wakati wa vita ya ukombozi, FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake mwaka 1967, mabinti wakafunzwa Nachingwea, na wanawake walibeba risasi na chakula vichwani hadi ndani ya Msumbiji. Tuliwasifu, na tulifanya sawa. Kwa upande wa ubaya, tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi Mombasa wakiwa na kisu na petroli, wakawashambulia askari. Mwanamke ni mtu mzima mwenye akili na uchaguzi, anaweza kuchagua jema au baya kama kaka yake. Ukimwona kama malaika tu, bado hujamheshimu.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu waliukimbilia Ruvuma. Mwaka ule shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lilisema maelfu ya Wamsumbiji waliovuka kuja kwetu walirudishwa kwao kupitia Negomano, na kwamba miongoni mwao walikuwamo wanawake na watoto, wengine wakiwa wametenganishwa na ndugu zao. Najua hoja ya upande wa pili na siidharau: adui anaweza kujichanganya na wakimbizi, na Kitaya ilikuwa bado ina majivu. Lakini hoja hiyo inahalalisha kuchuja watu. Haihalalishi kutowasikiliza. Ukimrudisha mama na mtoto mgongoni bila kumuuliza amekimbia nini, umepoteza mambo mawili kwa mpigo, utu wake na habari zake. Huenda yeye ndiye aliyewaona wale watu kwa macho, akazisikia lafudhi zao, akajua walitokea njia gani.

Wengine waliyaona hayo kwa karibu kuliko wanavyotaka kukumbuka. Huko Cabo Delgado mamia ya wanawake na wasichana walitekwa na kulazimishwa kuwa wake wa wapiganaji. Wakitoroka, swali la kwanza wanalokutana nalo ni: ulikuwa na nani? Halafu mtaani jina linabaki, "mke wa gaidi". Aliyeibwa anaitwa mwenza wa mwizi.

Sasa turudi kwenye swali la mama mdogo, maana ndilo lenye uzito wote. Je, dola ina haki ya kumdai mama siri ya mwanawe?

Jibu la haraka ni ndiyo. Kijana mmoja akiachwa aende, kijiji kizima kinaweza kuungua. Watoto wa wenzako nao wana mama. Nalikubali jibu hili. Kama mama mdogo angejua kuna shambulio linapangwa akanyamaza, nisingeweza kumtetea.

Ila mara nyingi mama hajui kuna shambulio. Anajua kwamba kijana ameacha kula na wenzake, ana simu mpya, ameaga anakwenda kutafuta maisha ng'ambo ya mto. Hicho ni kivuli tu, hajauona mti wenyewe. Ndicho anachoombwa akipeleke kwa watu wenye bunduki. Akikosea, amemharibia mwanawe maisha. Akipatia, huenda asimwone tena. Akinyamaza na likatokea jambo, yeye ndiye atakayeulizwa: wewe ni mama, hukujua? Baba hatulizwi hivyo. Tumemkabidhi mzigo wa ulinzi mtu ambaye hata kwenye kikao cha kuupanga ulinzi huo hakuitwa.

Wenzetu wa pwani ya Kenya walitangulia kulipitia hili. Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali yao ilitangaza msamaha kwa vijana waliojiunga na Al-Shabaab, ikawaomba wazazi wawalete. Mwaka uliofuata shirika la HAKI Africa likatoa ripoti kuhusu watu waliouawa na waliopotea Pwani kati ya 2012 na 2016. Weka mambo hayo mawili kwenye meza ya mama wa Likoni au Kisauni, umwambie achague. Ahadi ipo, na habari za jirani aliyepotelewa zipo. Ataamini ipi?

Wamakonde wana somo kuhusu siri. Binti akichezwa unyago, manyakanga humfundisha mambo ya ndani, na analotakiwa kuelewa ni kwamba neno la ndani hutoka kwa sababu, na hupelekwa kwa mtu anayeweza kulibeba. Siri ni amana. Aliyepewa amana ana deni. Ndiyo maana wanawake wa kikundi cha VICOBA wanaambiana madeni na aibu zao, na hela haipotei. Sasa, aliyeomba siri ya mama pale mkutanoni, deni lake ni lipi? Hapo ndipo hotuba iliponyamaza.

Mtu ataniambia mambo yamebadilika, wanawake wapo juu. Ni kweli. Rais Samia aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, siku 5 tu kabla ya Palma. Septemba mwaka huo Dkt. Stergomena Tax akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi. Hayo ni makubwa na binti zetu wameyaona. Lakini mwanamke kuwa na sauti Dodoma na mwanamke kusikilizwa kivukoni ni safari mbili tofauti, na ya pili haifiki yenyewe kwa sababu ya kwanza imefika.

Kwa maoni yangu, dola inaipata haki ya kumdai mama siri yake siku inapokuwa imetimiza deni lake kwanza. Deni lenyewe si la ajabu. Kuwe na mtu wa kumwambia ambaye si lazima awe na bunduki. Polisi tayari wana Dawati la Jinsia na Watoto, basi lifike na huko bondeni, liwe na watu wanaojua Kimakonde. Kijana aliyeripotiwa na mzazi kabla hajamwaga damu, njia yake iwe tofauti na ya aliyekamatwa na panga. Na mama aambiwe yuko wapi, kwa maandishi, na aruhusiwe kumwona. Hilo la mwisho ni dogo kwa gharama, lakini bila hilo mengine yote ni maneno.

Mtu atasema huo ni ulaini. Mimi naona ndiyo akili ya ulinzi. Mpaka ule una mikoko, visiwa vya mchanga na mitumbwi isiyohesabika. Hakuna jeshi litakaloujaza askari. Unalindwa na watu wanaouishi, na watu hulinda kile wanachoamini kinawalinda.

Nilimpigia mama mdogo tena juzi. Nikamwambia nimeliandika swali lake. Akacheka, akauliza, "Na jibu umeliandika?" Nikamwambia jibu si langu, ni la yule mgeni wa mkutanoni.

"Haya," akasema. "Akija tena nitamuuliza kabla ya makofi."