Je, Anayesahau Dawa Ana Kosa?

Kipimo cha kutambua upungufu wa akili unaoletwa na virusi vya UKIMWI ni kifupi. Mgonjwa hutajiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha hugongesha kidole cha shahada kwenye gumba upesi awezavyo. Halafu mkono mezani: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, tena na tena bila kuvuruga mpangilio. Mwisho huulizwa yale maneno manne, na wapo wanaoambulia mawili. Alama zote ni 12. Anayepata 10 kushuka chini anahitaji uchunguzi zaidi. Kilitangazwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Marekani na Uganda, na hakimtaki mtu ajue kusoma.

Virusi vya UKIMWI huingia kwenye ubongo wiki za mwanzo tu za maambukizi. Haviishi ndani ya seli za neva zenyewe bali katika seli za kinga zilizo jirani, na madhara yake huzidhoofisha neva polepole. Dawa za ARV zimepunguza sana ule upungufu mkubwa wa akili ambao madaktari waliueleza mwaka 1986. Ule mdogo umebaki: usahaulifu, uzito wa kufikiri, kushindwa kupanga mambo. Na kidonge cha kila siku kinadai kumbukumbu na mpangilio.

Mgonjwa akisahau kidonge hicho, kliniki humwandika mtoro. Nyumbani huambiwa amejitakia.

Je, ana kosa kweli? Katika Uislamu mwendawazimu haandikiwi dhambi mpaka akili imrudie. Lakini mgonjwa huyu si mwendawazimu. Anauza dukani kwake, anatania wajukuu. Mlango unaomfaa ni ule wa kusahau. Kwa Washafii, walio wengi pwani ya Afrika Mashariki, aliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau huendelea na saumu yake, wala hailipi. Aliyesahau sala naye hana dhambi, ila akikumbuka lazima aiswali. Lawama imeondoka, wajibu umebaki. Dawa iko upande wa sala, maana virusi haviachi kuzaana kwa sababu mtu hakukusudia.

Wajibu huo aubebe nani, ikiwa kumbukumbu yenyewe ndiyo inayougua? Madhehebu hayohayo yanasema zaka ya mali ya mwendawazimu hutolewa na walii wake. Kumbe wajibu unaweza kuhamia mikono mingine bila mwenyewe kuhukumiwa. Hapa, hata hivyo, panahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndugu wengi wakishakabidhiwa kopo la dawa huanza kushika na mengine. Msaidizi wa matibabu anasimamia saa ya kidonge na tarehe ya kliniki. Pesa za duka, ndoa, na nani aambiwe habari za ugonjwa, hayo bado ni ya mgonjwa kuamua.