Mvi Zikiingia Nyumbani



Wapendwa wanandoa, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya nywele. Msicheke. Najua mtasema kwamba nyumbani kuna mambo mazito zaidi: karo ya shule, pombe, shamba, wakwe. Ni kweli. Lakini nyumba nyingi haziangushwi na upepo mkali wa siku moja. Huliwa na mchwa, kidogo kidogo, na neno la dharau juu ya mwili wa mwenzako ni mchwa wa namna hiyo.

Fikiria asubuhi moja ya kawaida. Mama yuko mbele ya kioo, anaona nywele tatu au nne nyeupe juu ya paji la uso. Huo si ugonjwa. Kwa Waafrika wengi mvi huanza kuonekana katika miaka ya 40, na wengine huziona mapema kwa sababu ndivyo ulivyo ukoo wao. Shina la unywele hupunguza kutengeneza rangi, basi unywele unaoota hutoka mweupe. Kama kijana wa chini ya miaka 30 anajaa mvi kwa haraka, ni vyema amwone daktari, maana wakati mwingine sababu ni upungufu wa vitamini B12 au shida ya tezi ya shingoni. Lakini mama huyu ni mzima. Anamgeukia mumewe na kumwonyesha. Neno atakaloambiwa wakati ule laweza kukaa moyoni mwake miaka mingi.

Namjua baba mmoja aliyesema mbele ya wageni kwamba siku hizi analala na nyanya yake. Wageni wakacheka. Mkewe naye akacheka, kwani angefanya nini? Tangu siku ile mama huyo alianza kupaka nywele rangi nyeusi kwa siri. Alichukua pesa katika akiba ya karo, akanunua rangi ya bei rahisi sokoni, akawa anapaka usiku baba akiwa safarini. Mara ya tatu kichwa kiliwasha, uso ukavimba, macho yakafunga, majirani wakampeleka hospitalini. Hapo ndipo mume alipojua.

Alipokuja kuniona alikuwa amejaa hasira kwa sababu ya pesa na uongo. Nilimwuliza swali moja tu: "Baba, uongo huu ulianzia wapi?" Alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe kidevu chake kilikuwa cheupe, wala hapakuwa na mtu aliyemcheka kwa hilo. Watu walimwita mzee, na walimpa kiti.

Hapo ndipo wanaume wengi wanapokosea. Mvi za baba huitwa busara, mvi za mama huitwa kuchakaa. Mungu hana mizani ya namna hiyo.

Neno la Mungu linatufundisha nini?

Kitabu cha Mithali (16:31) kinazilinganisha mvi na taji ambayo mtu huipata kwa kuishi katika haki. Hakisemi kwamba taji hiyo ni ya wanaume peke yao. Kitabu cha Walawi (19:32) kinaagiza tusimame mbele ya mtu mwenye mvi. Nabii Isaya (46:4) anatuambia kwamba Mungu mwenyewe atawabeba watu wake mpaka uzeeni. Kama Mungu hawachoki watu wake wakiota mvi, sisi tunawachokaje wenzetu?

Tena msomeni mzee Eleazari katika Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 6. Alikuwa na miaka 90. Rafiki zake walimshauri ajifanye tu kama anakula nyama iliyokatazwa, ili aponye maisha yake. Alikataa. Aliona kwamba unafiki haufai kwa mtu wa umri wake na mvi zake, tena ungewapotosha vijana. Kwa Eleazari, mvi zilikuwa wajibu wa kusema kweli.

Je, kupaka nywele rangi ni dhambi?

Swali hili niliulizwa na akina mama wa jumuiya moja baada ya kusali rozari, na tujue kwamba ni swali la zamani katika Kanisa, hapa hapa Afrika. Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Tunisia, aliyekufa shahidi mwaka 258, alikemea kwa ukali kubadilisha rangi ya nywele. Alikumbusha mafundisho ya Bwana kwamba hatuna uwezo wa kuufanya hata unywele mmoja kuwa mweupe au mweusi (Mathayo 5:36). Maneno hayo aliyaandika katika kitabu alichowaandikia mabikira waliojitoa kwa Mungu.

Miaka elfu moja baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichunguza tena jambo hili la kujipamba. Alifundisha kwamba mke aweza kujipamba ili ampendeze mumewe, na kwamba dhambi kubwa huingia pale mtu anapojipamba kwa tamaa mbaya au kwa kumdharau Mungu. Katika Biblia, Yudithi, mjane mcha Mungu, alizitengeneza nywele zake vizuri kabla ya kwenda kuwaokoa watu wake (Yudithi 10:3). Naye Mtume Petro (1 Petro 3:3-4) anatuonya kwamba uzuri wetu usiishie katika kusuka nywele na kuvaa dhahabu, bali uwe ndani ya moyo mpole na mtulivu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inatukataza kuufanya mwili kuwa kitu cha kuabudiwa (namba 2289).

Basi, shikeni hili: rangi ya nywele yenyewe si dhambi, na mvi zenyewe si utakatifu. Jiulize mambo mawili. Je, ninapaka kwa furaha au kwa hofu? Je, mwenzangu anajua, au ninamficha? Mama anayepaka rangi kwa sababu anapenda kupendeza, na mumewe anajua, hana la kuungama. Baba anayepaka ndevu ili wasichana wa mjini wamwone bado kijana ana jambo la kumweleza padre, na si juu ya ndevu.

Mliahidiana nini?

Siku ya harusi hamkuahidiana nywele nyeusi. Mbele ya padre, mashahidi na watu wa Mungu mliahidiana maisha yote, na ndani ya maisha yote mna mvi. Hayati Papa Fransisko, katika barua yake juu ya upendo wa familia iitwayo *Amoris Laetitia* ya mwaka 2016, anafundisha kwamba sura ya mwili hubadilika katika kila ndoa, lakini hilo si sababu ya upendo na mvuto kwisha (namba 164). Tunampenda mtu mzima, na mtu huyo ndiye aliyeweka mvi akitulea watoto, akituuguza, akisubiri tufike nyumbani usiku.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini moto uliotoa moshi ule waweza kuendelea kuwaka, mkiuchochea wawili.

Mashauri kwa nyumba yenu

1. *Zungumzeni kabla ya kwenda saluni au kwa kinyozi.* Muulize mwenzako: "Wewe ungependa nywele zangu ziweje?" Kisha usikilize. Mume asimlazimishe mke kupaka rangi, wala asimkataze kwa amri. Mtume Paulo anafundisha kwamba mwili wa kila mmoja ni wa mwenzake pia (1 Wakorintho 7:4). Maana yake ni kushauriana, si kutawaliwa.

2. *Ukichagua rangi, chagua iliyo karibu na ile uliyozaliwa nayo.* Mtu akifika miaka 50, weusi wa makaa huufanya uso uonekane mkavu na mikunjo ionekane zaidi. Kahawia iliyokoza, au nyeusi isiyo kali, humpendeza mwenye ngozi yetu. Kumbuka pia kwamba nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Rangi nyeusi sana huonyesha mizizi myeupe baada ya wiki chache, na utakuwa mtumwa wa kupaka tena na tena.

3. *Linda afya yako.* Rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, na hata piko inayotumiwa kuchora mikono mara nyingi ndiyo hiyo hiyo. Kuna watu ambao miili yao huikataa kabisa. Kabla ya kupaka, weka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ungoje saa 48. Ukiona wekundu, uvimbe au mwasho, usitumie. Mtu aweza kuipaka mara kadhaa bila shida, kisha siku moja mwili ukaikataa, kwa hiyo jaribu kila mara. Usipake kwenye nyusi wala kope, maana macho yaweza kudhurika vibaya. Usipake siku moja na dawa ya kulainisha nywele. Ngoja angalau wiki mbili.

4. *Hina ni njia nyingine.* Akina mama wa Pwani wameijua tangu zamani. Hina halisi ni majani yaliyosagwa, na kwenye mvi hutoa rangi nyekundu ya machungwa au kahawia. Haitoi nyeusi. Ukiuziwa "hina nyeusi", jua imechanganywa na kitu, uulize ni nini.

5. *Ukiamua kuziacha mvi, zitunze.* Kuacha mvi si kuacha kujitunza. Nywele nyeupe huwa kavu, basi zipake mafuta na uzichane. Kama ulikuwa ukipaka rangi, njia rahisi ni kukata fupi, ili nyeupe na nyeusi zisigawanyike kama mstari. Mwenye uso wa mviringo hupendeza nywele zikiwa na kimo kidogo juu na fupi pembeni. Mwenye uso mrefu aache zijae kidogo pembeni. Baba mwenye mvi au upara akate fupi na sawasawa, achonge ndevu vizuri, naye ataonekana nadhifu kuliko anayevuta nywele chache kufunika utosi.

6. *Usisuke kwa kukaza sana.* Wengine huficha mvi za mbele kwa kuzivuta ndani ya msuko. Kuvutwa kila mara huua mashina, na paji hurudi nyuma. Mvi ni nywele bado. Zikishang'oka na shina likafa, hakuna tena cha kupaka rangi.

7. *Gharama iwe wazi.* Pesa za saluni na za kinyozi ziwekwe katika hesabu ya nyumba, kama sukari na mafuta ya taa. Kitu kinachojulikana na wote wawili hakileti ugomvi kikionekana.

Neno kwa waume, neno kwa wake

Baba, mkeo akikuonyesha mvi yake ya kwanza, usimtanie. Mwambie, "Mama watoto, tumetoka mbali." Maneno hayo hayagharimu senti, nayo hupendezesha uso kuliko rangi yoyote ya dukani. Na kama ulishamcheka mbele ya watu, msifu mbele ya watu. Dharau ya hadharani haiponywi kwa kunong'ona chumbani.

Mama, nawe usimcheke mzee wako kwa upara wake mbele ya dada zako. Wanaume huumia pia, ila wengi hawasemi. Wengine hukaa muda mrefu kwenye baa kwa sababu huko hakuna anayewahesabia nywele. Bwana wetu anatuambia kwamba Mungu amezihesabu nywele zetu zote (Mathayo 10:30). Yeye huhesabu kwa kupenda, nasi tujifunze kwake.

Kumbukeni pia kwamba watoto wanatazama. Binti akimsikia baba akimdharau mama kwa sababu ya mvi, atajifunza kwamba thamani ya mwanamke huisha. Kijana naye atajifunza kwamba mke ni kitu cha kubadilishwa. Lakini wakimwona baba akimpaka mama mafuta kichwani jioni, au mama akimnyoa baba ndevu kabla ya Misa ya Jumapili, wamepata fundisho la Sakramenti ya Ndoa ambalo sisi makatekista hatuwezi kulifundisha darasani.

Tangu mwaka 2021 Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria, tarehe 26 Julai. Ikifika, mwendeeni mzee mmoja wa jumuiya yenu pamoja na watoto. Mwulizeni aliishije na mwenzake mpaka wakazeeka wote wawili.

Maswali ya kujadiliana wawili

- Je, nimewahi kusema neno juu ya mwili wako lililokuumiza, nawe ukanyamaza?
- Kuna jambo lolote ninalolificha juu ya sura yangu kwa kuogopa utasema nini?
- Ungependa tuzeeke namna gani pamoja?

Sala

Ee Bwana, uliyetuunganisha tukiwa na nywele nyeusi, tulinde mpaka ziwe nyeupe. Utupe macho ya kumwona mwenzetu kama unavyomwona wewe, na ulimi wa kumjenga. Mvi zetu ziwe ushuhuda wa uaminifu mbele ya watoto wetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.