Tupime Kabla ya Kufunika

Machi 2020, masomo ya Dubai yalipohamia mtandaoni, nyumba nyingi ziligundua kuwa mawimbi ya ruta ya sebuleni hayafiki vyumba vya nyuma. Kuta za zege huyadhoofisha njiani. Jirani yetu mmoja wa Deira, mtu wa Mombasa anayesafirisha mizigo, aliamua kuvuta waya hadi chumba cha watoto. Uamuzi ulikuwa wa busara. Kilichomponza ni waya wenyewe, na kisa chake nakieleza kwa sababu mimi na wewe tungeweza kuponzwa vilevile.

Alikwenda Bur Dubai, barabara ya Khalid bin Al Waleed, ambako maduka ya kompyuta yamepangana. Akaomba Cat6, daraja mojawapo la nyaya za mtandao. Akaonyeshwa maboksi mawili ya mita 305, moja likiuzwa karibu nusu ya bei ya jingine. Akachukua la bei nafuu, akalibeba kwa mkono mmoja bila shida.

Wepesi ule ulikuwa dalili ya kwanza. Kwa ujazo uleule, shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini. Dalili ya pili ilikuwa imechapishwa kwenye ganda la waya: herufi CCA, maana yake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje tu. Ya tatu aliitamka fundi alipovua ncha: "Kaka, ndani ni kweupe, na nikiukunja mara mbili tatu unakatika." Akajibiwa, "Wewe funga tu, watoto wanasubiri darasa."

Waya ukafungwa ndani ya mfereji wa plastiki, ukagundishwa ukutani na kupakwa rangi. Kompyuta ikaonyesha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, ilhali vifaa vyote vilikuwa vya 1000. Hiyo ilikuwa dalili ya nne. Ndani ya waya huu mna nyuzi nane, jozi nne. Kasi ya 1000 huzitaka jozi zote, lakini ile ya 100 hutosheka na mbili. Uzi mmoja ukikatika, mara nyingi vifaa hushuka kimyakimya na kuendelea kufanya kazi. Jirani na familia yake wakasema intaneti ipo, yatosha.

Kiangazi kilipofika, kamera waliyoifunga roshani, iliyopata umeme kupitia waya wa boksi lilelile, ikawa inazimika mchana. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba, na joto huzidisha ukinzani. Tena waya ule ulikuwa wa kutumika ndani ya nyumba. Jua likalipasua ganda lake pale roshani. Wao wakalaumu kampuni ya intaneti, wakanunua ruta nyingine. Mwishowe wakang'oa kila kitu, na gharama ya kurekebisha ukuta ikakatwa kwenye dhamana yao ya pango.

Ndugu zangu, dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalitanda tangu dukani. Haraka ndiyo iliyowaziba macho, na haraka hutupata sote. Basi tujiwekee desturi. Tuuombe waya wa shaba tupu, tusome ganda lake, kisha tumwombe muuzaji akate kipande tukwangue ncha. Ikiwa nyeupe, tuurudishe. Viwango vya nyaya hizi hudai shaba, kwa hiyo alumini iliyopakwa haiwi Cat6 ya kweli hata ikiandikwa hivyo.

Wala si lazima tununue cha ghali kupindukia. Cat5e ya shaba hubeba kasi ya 1000 hadi mita 100, umbali ambao nyumba ya kawaida haiufikii. Pa kupigwa na jua, tuchukue waya wa nje wenye ganda jeusi. Tusiuvute sambamba na nyaya za umeme, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Fundi asizisokotoe jozi zaidi ya milimita 13 kwenye plagi.

Juu ya yote, tupime kila waya kabla ya kuufunika. Kasi ikiwa chini ya ile ya vifaa, tusikubali kuambiwa itakaa sawa baadaye. Fundi akisema waya una kasoro, tumsikilize siku ileile, kwa maana ukuta ukishafungwa, kila marekebisho yatatutoka mfukoni.