Amepotea au amepotoka?

Ijumaa moja, baada ya darasa, kijana niliyemfundisha zamani alipita nje ya madrasa yetu hapa Kariakoo bila kuingia. Nilishasikia habari zake: swala ameacha, anashinda kijiweni. Mwalimu mwenzangu akasema, "Mwache huyo, mpotevu." Nami, Allah anisamehe, nikanyamaza.

Jioni ileile kipaza sauti cha msikiti kikatangaza kuwa mtoto wa kiume amepotea sokoni, atakayemwona amlete. Wachuuzi wa Mtaa wa Kongo wakaacha bidhaa zao na kumtafuta. Kabla ya Isha alipatikana.

Ndugu msomaji, neno ni lilelile: kupotea. Mmoja tulimtafuta, mwingine tulimhukumu.

Kiswahili kinatofautisha. Aliyepotoka amepinda. Aliyepotea haioni njia, na huenda anaitafuta. Hata Kilatini, errare, kitenzi kilichozaa neno la Kiingereza la kosa, kwanza ni kutangatanga.

Kiarabu ndicho kinachotuhusu zaidi. Katika Suratul Fatiha tunaomba tusiwe miongoni mwa dhaalliin. Mzizi huohuo, katika Al-Baqara aya ya 282, unahusu shahidi anayesahau. Katika Ash-Shu'araa aya ya 20, Nabii Musa (A.S) anajisemea hivyo kuhusu mtu aliyemuua. Na katika Adh-Dhuha aya ya 7 Allah (S.W) anamkumbusha Mtume (S.A.W) hali yake kabla ya kuongozwa. Wanazuoni wamekuwa waangalifu sana hapo, wakafafanua kuwa ni kutoijua bado sheria, si kuabudu masanamu.

Sisemi upotofu haupo. Upo, na Fatiha tunaisoma angalau mara 17 kwa siku katika swala za faradhi. Lakini sisi wenye mihadhara (nami nimo) neno hili tunalirusha kama jiwe: huyu kasoma Maulidi, mpotevu, yule kaacha kuyasoma, mpotevu. Msikilizaji anaondoka amejua nani wa kuchukiwa, hajajua nani wa kufuatwa.

Mnyama aliyepotea naye kwa Kiarabu huitwa dhaalla. Mtume (S.A.W) alipoulizwa kuhusu mbuzi wa namna hiyo, alielekeza achukuliwe, kwani akiachwa, asipookotwa na mwingine ataliwa na mbwa mwitu.

Kijana yule bado yuko kijiweni, Mtaa wa Narung'ombe. Namba yake ninayo. Sijampigia.