Nahodha, Furushi Hilo Usilipakie!

Enyi ndugu zangu wa Ushongo Mtoni na Ushongo Mabaoni, wa Pangani na mwambao wote wa Tanga, mcheni Mwenyezi Mungu katika vyombo vyenu!

Mtu anakujia pwani wakati wa magharibi, humjui kwao wala ukoo wake. Ana furushi lililoviringwa nailoni na utepe wa gundi, anataka livuke Unguja usiku huohuo, na ujira anaoutaja unashinda samaki wa mwezi mzima. Ukimuuliza kuna nini ndani, anaongeza pesa. Nahodha, nyongeza hiyo ndiyo jibu lake: ni dawa za kulevya!

Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Methamfetamini haingoji mvua wala mavuno. Ni kemikali zinazopikwa, na anayeizoea hukesha siku kadhaa macho makavu, akasikia sauti zisizokuwapo, akamshuku hata mama aliyemzaa.

Sasa isikilizeni sheria ya mwaka 2015 na marekebisho yake. Kusafirisha ni biashara, sawasawa na kuuza. Dawa kama hizo zikizidi gramu 200, ni kifungo cha maisha; zisipozidi hapo, miaka 30. Gramu 200, jamani, hazifiki robo kilo ya sukari! Kesi kubwa hazina dhamana, na chombo chako, pamoja na injini uliyoikopea, kinaweza kutaifishwa. Useme "nilibeba tu"? Kubeba ndiko kosa lenyewe.

Mimi adhabu hiyo naiona haki kwa mfanyabiashara. Lakini kijana aliyekwisha kunaswa na dawa hizo ni mwanetu. Msimpige, msimfungie mlango. Anayetetemeka kwa arosto ya heroini apelekwe hospitali ya Bombo, Tanga mjini, ambako kuna kliniki ya methadoni. Aliyeharibiwa na methamfetamini, methadoni haimfai. Huyo naye apelekwe hospitali mapema, kabla hajamdhuru mtu.

Qurani, katika Surat al-Maida, imeuhesabu ulevi kuwa ni kazi ya shetani. Mnaswali safu moja na wenye vyombo, mnajua nani ametajirika ghafla na nyavu zake kavu. Mwambieni usoni! Nawe nahodha, ukiletewa furushi, likatae, kisha piga 119 usiku huohuo. Simu hiyo haina malipo.