Koti la Reli

Wako wazee miongoni mwetu ambao hata leo wanatunza sandukuni koti la kazi la Reli ya Afrika Mashariki, ingawa Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na wengi wao walidai mafao yao kwa miaka mingi. Je, wanamlilia tajiri aliyewaacha? La. Wanakumbuka siku zile ambapo mtu akipita njiani amevaa koti hilo, wote walijua kwamba kazi yake yawafaa watu. Hiyo ni heshima, wala si kiburi. Lakini heshima hiyo haikushonwa na tajiri. Ilitoka katika mikono yao wenyewe. Basi, ninyi mnaoajiri watu, msidhani kwamba sare nzuri yatosha kuwa malipo. Koti huchakaa, haki ya mfanyakazi mbele ya Mungu haichakai.