Aliyepona Akabaki Bila Sauti

Neva inayosogeza uzi wa kushoto wa sauti haiendi kooni moja kwa moja. Hushuka kwanza hadi kifuani, ikapita chini ya mshipa mkuu unaotoka moyoni, ndipo ipande tena. Kwa hiyo mtu aliyepasuliwa kifua kwa sababu ya moyo au saratani ya umio, ugonjwa unaowasumbua wengi magharibi mwa Kenya, anaweza kurudi kwao Keroka, katika nchi ya Wagusii, mshono umekauka vizuri, watu wakamshukuru Mungu, naye akajibu salamu kwa pumzi tupu. Neva imevutwa au imekatwa. Uzi mmoja umepooza.

Tunasema amepona. Kweli?

Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani walichapisha dodoso la maswali 30 kuhusu maisha ya mtu mwenye tatizo la sauti: je, anaikwepa simu, kipato kimepungua, anajitenga? Nayaheshimu maswali hayo. Yanakiri kwamba uhai haukai kwenye mapigo ya moyo peke yake. Muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili asiyeweza kumwita mteja amepoteza riziki. Mzee asiyesikika kwenye kikao cha mahari huketi palepale pa siku zote, lakini neno lake halihesabiwi tena.

Kwa Mgusii hasara ina kina zaidi. Lugha yake, Ekegusii, ni ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kubadilika. Uzi ukipooza, sauti haipandi wala haishuki vizuri kama msemaji atakavyo. Mgonjwa ana maneno yote kichwani, ila sehemu ya maana yake inapotea kabla haijamfikia msikilizaji. Hapo naona kwamba maana haikuwa mali ya msemaji peke yake tangu mwanzo. Anayesikiliza kwa subira huijazia. Anayekatiza na kumjibia humnyang'anya hata kile kidogo kilichobaki.

Chai nayo humpalia, kwa kuwa njia ya hewa haifungiki sawasawa, na kinachoingia mapafuni huweza kuleta nimonia. Mara nyingi uji mzito wa wimbi humpitia vizuri zaidi.

Neva iliyovutwa tu yaweza kurudi kazini baada ya miezi kadhaa, na isiporudi ipo sindano ya kuusogeza uzi katikati. Basi msikae mkingoja. Mpelekeni kwa daktari wa masikio, pua na koo, na nyumbani mwacheni amalize sentensi yake mwenyewe.